Mcheza Kwao Hutuzwa: Historia ya Fungu la Mchezaji katika Mnada wa Calcutta

Methali ya Waswahili yasema: mcheza kwao hutuzwa. Watu wengi huitumia kumhimiza mtu ashike mambo ya kwao, asiyatupe kwa ajili ya mambo ya ugenini. Lakini chini ya mahimizo hayo imelala habari ya desturi. Mtu aingiapo kiwanjani katika ngoma, au aimbapo mbele ya watu katika taarabu, watazamaji waliopendezwa hutoka mmoja mmoja wakamtuza fedha mbele ya macho ya wote. Fedha hiyo si ujira, kwa kuwa hakuna aliyepatana naye. Wala si sadaka, kwa kuwa mchezaji hakuomba. Ni deni lisiloandikwa. Kila aliyefurahi ajua kwamba linamkalia, na asiyelilipa hapelekwi kwa kadhi bali husemwa.

Neno lenye uzito katika methali hiyo ni kwao. Mcheza kwao hutuzwa kwa sababu watuzao ni watu wake: wanamjua, wanawajua wazazi wake, na kesho huenda yeye akawa mtuzaji na mmoja wao akawa mchezaji. Basi je, mcheza kwa watu? Ni nani amtuzaye mtu aliyetoka mbali, ambaye jina lake la kweli halijulikani, akacheza usiku kucha na kuwapatia fedha watu ambao huenda asiwaone tena? Swali hili si la kubuni. Limeulizwa na kujibiwa kwa namna mbalimbali katika historia ya mchezo wa pool nchini Marekani, hasa katika mashindano yanayoambatana na kamari ya mnada iitwayo Calcutta, ambamo mchezaji hunadiwa kwa jina, na mnunuzi wake hupokea fedha mchezaji huyo akishinda.

Makala haya yafuata historia ya fungu la mchezaji katika fedha hizo. Kamari yenyewe haisifiwi hapa. Wengi katika wasomaji wa lugha hii huihesabu kuwa haramu, na sheria za nchi nyingi huibana. Lakini desturi haiachi kuwa desturi kwa sababu imekaa mahali pasipopendeza. Na aghalabu ni mahali kama hapo, ambapo hakimu hafiki, ndipo watu hulazimika kuamua wenyewe ni kipi kilicho haki na ni kipi kilicho hisani.

I. Neno na chungu cha fedha

Yafaa kuanza na jina la mchezo, kwa sababu jina hilo lenyewe ni ushahidi. Neno pool la Kiingereza, kwa maana ihusikayo hapa, limetokana na neno la Kifaransa poule, yaani fedha ambayo wachezaji waliitia pamoja ili mshindi aichukue. Mwishoni mwa karne ya 17 Waingereza walikuwa wamekwisha kulitumia katika michezo ya karata. Katika karne ya 19 walilitumia pia kwa aina ya biliadi ambamo kila mmoja alitia fedha yake katika chungu cha wote, akapewa idadi ya maisha, na kila mpira wake ulipotumbukizwa tunduni alipoteza uhai mmoja, hata akabaki mtu wa mwisho aliyezoa yote.

Nchini Marekani neno lilipita njia nyingine. Huko, katika karne hiyo hiyo, chumba cha pool hakikuwa chumba cha fimbo na mipira, bali nyumba ambamo watu walikusanyika kuweka dau juu ya mbio za farasi zilizokuwa zikikimbiwa mbali. Baina ya mbio moja na nyingine palikuwa na saa za kungoja. Basi wenye nyumba wakaweka meza za biliadi ili wateja wapitishe wakati. Kamari ya farasi ikahama, meza zikabaki, nalo jina la chungu cha fedha likawa jina la mchezo.

Mageuzi haya ya maana si pambo la kamusi tu. Yaonyesha kwamba tangu mwanzo mchezo huu uliitwa kwa fedha, haukuitwa kwa ufundi. Tena fedha yenyewe ilikuwa na kanuni moja nyepesi: aliyetia ndiye mwenye haki ya kutoa. Maadam mchezaji na mtia fedha ni mtu mmoja, kanuni hiyo haina kasoro. Kasoro ilianza siku mikono iliposhika fimbo upande mmoja wa chumba, na mifuko ikafunguliwa upande mwingine.

II. Kutoka farasi hadi mtu

Mnada wa kamari ulitangulia kufanywa juu ya farasi. Katika Marekani ya karne ya 19 njia iliyoenea ya kuweka dau ilikuwa hii: kabla ya mbio, mnadi alisimama akanadi kila farasi, aliyetaja bei kubwa akawa mwenye farasi huyo kwa ajili ya kamari, hata kama farasi wa kweli alikuwa na bwana mwingine, fedha zote zikakusanywa, mnadi akakata ushuru wake, na kilichobaki akapewa yule aliyemnunua farasi aliyeshinda. Mambo hayo yalinadiwa hata juu ya uchaguzi wa siasa, na baada ya fujo iliyofuata uchaguzi wa urais wa mwaka 1876, jimbo la New York lilitunga sheria ya kuikataza biashara hiyo mwaka 1877.

Ama jina la Calcutta, lilitoka India. Katika mji huo, ambao leo huandikwa Kolkata, Waingereza walianzisha chama cha mbio za farasi mwaka 1847, na bahati nasibu zao za mbio zilipata sifa katika dola yao yote. Kamari ya kunadi washindani ikaitwa kwa jina la mji, kama vile kitambaa kiitwavyo kwa jina la bandari kilikotokea, nayo ikasafiri hata ikaingia katika vilabu vya gofu na vyumba vya pool vya Marekani.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Farasi akishinda hupewa maji na majani. Hadai fungu, wala hawezi kuuza mbio zake kwa siri. Mpanda farasi yeye ni mtu, na kwa ajili yake desturi ilikwisha kupata njia: zawadi aliyopewa na mwenye farasi baada ya ushindi iligeuka polepole kuwa hesabu ijulikanayo, na katika Marekani mpanda farasi mshindi hupata sehemu moja katika kumi hivi ya zawadi ya mwenye farasi. Lakini malipo hayo yalitoka katika zawadi ya mbio, hayakutoka katika chungu cha wacheza kamari. Waliponadiwa watu mahali pa farasi, hapakuwa na desturi tayari ya kusema ni kipi anachostahili yule aliyeuzwa.

Mfano mmoja mkubwa wa gofu watosha kuonyesha ukubwa wa pengo hilo. Mwaka 1953 hoteli moja ya kamari ya Las Vegas ilianzisha mashindano ya mabingwa wa gofu, na mnada wa Calcutta ukafanywa sambamba nayo. Mwaka 1955 mwimbaji Frankie Laine alimnunua mchezaji Gene Littler kwa dola 13,000. Littler akawaacha wenzake mbali, akapewa zawadi ya mshindi ya dola 10,000. Laine, ambaye hakupiga mpira hata mmoja, akapokea kutoka katika mnada zaidi ya dola 70,000. Hapana dhuluma katika hesabu hiyo kwa kanuni ya chungu, kwa kuwa Laine ndiye aliyetia. Hata hivyo kila aonaye hesabu hiyo hujiuliza kama mpigaji hana neno la kusema.

Mwaka huo huo wa 1955 ulionyesha pia upande mwingine wa jambo. Katika klabu ya Deepdale huko Long Island, jimbo la New York, watu wawili waliingia mashindanoni wakidai mapigo ya nyongeza kupita stahili yao, kana kwamba walikuwa wachezaji dhaifu. Mnada wa siku hizo ulikuwa wa dola 45,000 hivi, nao waliondoka na dola 16,000 hivi. Hila ilipofichuka, wakubwa wa mchezo wa gofu waliulaumu mnada wa Calcutta waziwazi, na vilabu vingi vikauacha. Somo lilikuwa kali: mchezaji akiwa na fungu kubwa la siri katika chungu, mchezo waharibika, lakini asipokuwa na fungu lo lote, nani atakayemzuia asinunuliwe na upande wa pili?

III. Watu wa barabarani

Katika pool swali hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu wachezaji wake wakubwa hawakuwa watu wa klabu bali watu wa barabarani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mji wa Norfolk, katika jimbo la Virginia, ulijaa mabaharia na mafundi wa meli wenye mshahara mkononi, na mafundi wa pool wakaufuata mshahara huo kutoka pande zote za nchi. Miongoni mwao walikuwamo Luther Lassiter na Rudolf Wanderone. Huyo wa pili alipata kuitwa Fats wa New York. Ilipotoka filamu ya The Hustler mwaka 1961 alijiita Minnesota Fats, kwa jina la mtu wa hadithini. Watu wa namna hiyo hata majina yao hayakuwa na kwao.

Mtu wa barabarani aghalabu alikuwa na ufundi bila mtaji. Alihitaji mwenye mtaji, yaani mtu wa kumwekea dau, kumlipia chumba na chakula, na kubeba hasara akishindwa. Mapatano yaliyozoeleka yalikuwa ya kugawana faida nusu kwa nusu, baada ya mwenye mtaji kwanza kurudishiwa fedha yake. Filamu iliyotajwa, iliyotokana na riwaya ya Walter Tevis ya mwaka 1959, imejengwa juu ya mapatano yaliyokwenda kombo: mwenye mtaji ataka sehemu 75 katika 100, mchezaji abaki na 25. Watazamaji waliojua desturi hawakuhitaji kuelezwa kwamba aliyedai fungu la namna hiyo alikuwa akidai mtu, wala hakuwa akidai faida tu.

Mwaka 1961 ndugu wawili, George na Paulie Jansco, walianzisha mashindano katika Johnston City, mji mdogo wa machimbo ya makaa ya mawe kusini mwa jimbo la Illinois. Watu wa barabarani wakaja kila mwaka. Zawadi za mashindano zilitangazwa na kujulikana. Lakini fedha zilizokuwa zikipita usiku, baada ya mchezo rasmi kwisha, zilizishinda zawadi hizo kwa mbali. Kandokando ya kila meza walikaa watu waliowekeana dau wao kwa wao juu ya mchezaji ambaye pengine hawakuwahi kusema naye. Mambo hayo yaliendelea hata mwaka 1972, maofisa wa serikali walipovamia na kuwakamata watu kwa kosa la kamari, na mashindano yakafa.

Katika mikusanyiko ya namna hiyo desturi ya kumpa mchezaji ilikomaa. Yafaa watoaji watatu watofautishwe, maana wajibu wao si mmoja. Wa kwanza ni mwenye mtaji, ambaye ana mapatano na mchezaji. Fungu la mchezaji kwake ni haki. Wa pili ni mtu wa kando aliyeweka dau lake mwenyewe. Huyu hana mapatano yo yote, na akitoa hutoa kwa moyo. Wa tatu, aliye baina yao, ni mnunuzi wa mnada wa Calcutta. Yeye hakupatana na mchezaji, lakini amemnunua kwa jina mbele ya watu. Hakumgharimia, lakini anamwita wangu. Huyu ndiye aliyeleta ugumu.

IV. Nusu ya nafsi yake

Desturi ilimjibu mnunuzi huyo kwa kanuni ambayo leo imeenea katika minada ya pool: mchezaji aliyeuzwa ana haki ya kununua hadi nusu yake mwenyewe kwa bei ile ile iliyotajwa mnadani, na mnunuzi hana ruhusa ya kukataa. Lugha yenyewe ya kanuni hii ni ya ajabu, maana mtu asemwa kununua nusu ya nafsi yake. Lakini maana yake ni ya busara. Mnunuzi na mchezaji huwa washirika. Mmoja hawezi kupata bila mwenziwe, na mchezaji hana tena sababu ya kushindwa kwa makusudi.

Mfano wa kufikiri utasaidia. Tuseme mchezaji amenadiwa kwa dola 400, na chungu chote kimefika dola 10,000, ambazo nusu yake ni ya mwenye mshindi wa kwanza. Tuseme pia zawadi ya mashindano yenyewe ni dola 1,000. Mchezaji akitoa dola 200 akanunua nusu yake, kisha akashinda, atapata dola 1,000 za zawadi na dola 2,500 za mnada. Lakini akiwa hana dola 200, kwa kuwa alizokuwa nazo amezimaliza katika ada ya kuingia, petroli na chumba, zawadi itakuwa ndiyo malipo yake yote, na mnunuzi ataondoka na dola 5,000. Kazi ni ile ile, na fimbo ni ile ile. Tofauti yao ni dola 200 za usiku wa jana.

Hapa ndipo ulipo msingi wa jambo lote. Kanuni ya nusu ilimpa haki mchezaji mwenye fedha, ambaye haja yake ilikuwa ndogo. Mchezaji maskini ilimwacha pale pale alipokuwa, katika hisani. Kwa hiyo adabu ya kutoa haikufa kanuni ilipotungwa. Iliendelea kufanya kazi ambayo kanuni haikuweza, yaani kumfikia yule aliyeshindwa kuinunua haki yake.

V. Adabu ya kutoa

Adabu hiyo haikuandikwa na chama wala baraza, na kila ukumbi una mazoea yake. Hata hivyo mambo manne yaonekana kukubaliwa na watu wengi wa mchezo huo.

La kwanza ni kipimo. Mnunuzi aliyepata kwa mchezaji ambaye hakununua nusu yake hutarajiwa kumpa kitu, na kiasi kinachotajwa mara nyingi ni sehemu moja katika kumi ya kilichopatikana. Hesabu hii yafanana na ya mpanda farasi, na huenda uzoefu wa mbio ndio ulioifanya ionekane ya haki machoni pa watu. Mtu akitoa zaidi husifiwa. Akitoa kidogo mno huonekana amefanya vibaya kuliko aliyesahau kabisa, kwa kuwa kutoa kidogo ni kutaja thamani.

La pili ni wakati. Kinachotolewa baada ya mchezo ni shukrani. Kitu kile kile, kwa kiasi kile kile, kikitolewa kabla ya mchezo chaanza kunuka. Hata ahadi yataka uangalifu. Mnunuzi aweza kumwambia mchezaji mbele ya watu kwamba akishinda hatasahauliwa, na neno hilo halina ubaya, maana lamvuta upande ule ule anaopaswa kuelekea. Lakini mtu aliyemnunua mpinzani wake hana neno la heri la kumwambia mchezaji huyo kabla ya mchezo, wala zawadi njema ya kumpa baada yake.

La tatu ni uwazi. Kama katika taarabu, fedha hutolewa mahali panapoonekana. Sababu si majivuno peke yake. Kila mtu akiona nani amempa nani, hakuna wa kudhania kwamba kuna kilichopita mlango wa nyuma. Zawadi ya siri, hata ikiwa safi, humchafua apokeaye.

La nne ni kunyamaza kwa mchezaji. Yeye hadai. Aweza kununua nusu yake kwa kanuni; aweza kukataa kucheza tena mahali ambapo watu wana mikono mizito; lakini kumfuata mnunuzi na kumwomba fungu ni kuigeuza tuzo kuwa madai. Jambo hili ni gumu kwa maskini, na ndilo linaloufanya wajibu wa mtoaji uwe mzito: kwa kuwa mmoja amefungwa mdomo, ni juu ya mwingine kukumbuka bila kukumbushwa.

Lipo jambo moja zaidi ambalo limeleta ugomvi. Wachezaji wawili waliofika fainali huweza kupatana kugawana zawadi, yeyote atakayeshinda. Baina yao hapana aliyeibiwa, na kila mmoja apata usalama. Lakini wanunuzi wao hawakupatana. Kila mmoja alimnunua mtu ili apigane hadi mpira wa mwisho, na mtu aliyekwisha kuhakikishiwa fungu lake aweza kulegea bila hata kukusudia. Kwa hiyo adabu yataka mapatano hayo yasifichwe kwa wanunuzi. Mchezaji anayelalamika kwamba mnunuzi hamkumbuki, naye hana budi kumkumbuka mnunuzi.

VI. Njia ya sheria

Haifai kudhani kwamba adabu ndiyo njia pekee. Sheria nayo ilishika njia yake. Mwaka 1964 Marekani ilitunga sheria ya taifa inayoadhibu kutoa rushwa ili kugeuza matokeo ya mchezo. Sheria hiyo haikujishughulisha na shukrani. Ilishughulika na kabla na kwa nini, yaani mambo yale yale ambayo adabu ya vyumba vya pool ilikuwa imekwisha kuyatenga. Katika mchezo wa snuka, ambao ni ndugu wa pool, wakubwa wa mchezo walikata shauri zaidi: mchezaji wa kulipwa haruhusiwi kuweka dau lo lote juu ya mchezo huo. Mwaka 2023 wachezaji 10 kutoka China walifungiwa baada ya uchunguzi wa kupanga matokeo na makosa yaliyoambatana nayo, na wawili kati yao walifungiwa maisha.

Njia hizo mbili zatofautiana katika jambo la msingi. Sheria ya snuka yamlinda mchezaji na mchezo kwa kumtenga mchezaji na chungu. Desturi ya Calcutta yaulinda mchezo kwa kumtia mchezaji ndani ya chungu waziwazi. Ya kwanza yafaa mahali ambapo zawadi zatosha kumlisha mtu. Ya pili ilizaliwa mahali ambapo zawadi hazikutosha, na ambapo mtu aliyetengwa na chungu angekuwa amewekwa karibu na njaa, na karibu na yule ajaye na bahasha.

VII. Mizani ya maneno

Mtaalamu wa Kiswahili ana sababu yake ya kuitazama desturi hii, nayo ni sababu ya msamiati. Mfasiri akitaka kuitaja fedha ambayo mnunuzi humpa mchezaji baada ya ushindi, atakuta mbele yake maneno mengi, na kila moja litamlazimisha kutoa hukumu.

Akisema fungu au hisa, amekwisha kukubali kwamba mchezaji ni mshirika. Hilo lafaa kwa aliyenunua nusu yake, wala halifai kwa asiyenunua. Akisema ujira, ameyaleta mapatano mahali ambapo hapakuwa na mapatano. Akisema bakshishi, neno lililotoka Uajemi kwa maana ya kutoa na kusamehe, amemweka mnunuzi juu na mchezaji chini, kama mpagazi na msafiri. Akisema kifuta jasho, ameikiri kazi lakini amekipunguza kiasi, maana kifuta jasho hakidai kulingana na faida. Kilemba chakaribia zaidi: hicho ni kitu ambacho fundi au mwalimu hupewa kazi yake itimiapo, nje ya malipo, kwa sababu heshima yataka hivyo. Lakini kilemba humhusu mtu aliyemfanyia kazi mtoaji, na mchezaji hamfanyii mnunuzi kazi. Ajichezea mwenyewe, na mnunuzi amepanda juu ya ushindi wake.

Upande wa pili wa mizani yako maneno ya ubaya: rushwa, mrungura, na hongo. Historia ya neno la mwisho yafundisha. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru ambao misafara ya biashara iliutoa kwa watawala wa bara ili ipite katika nchi zao. Watu waliujadili mchana kweupe na kupatana kiasi. Leo neno hilo ni jina la kosa. Kitu kilichotolewa kabla, ili njia ifunguke, kiliteleza kikawa uchafu. Na mtelezo huo wa maana waiunga mkono adabu ya pili iliyotajwa juu, kwamba wakati wa kutoa ndio unaoligeuza jina la kinachotolewa. Vivyo hivyo Kiswahili cha sasa chasema mchezaji ameuza mchezo pale aliposhindwa kwa makusudi. Katika Calcutta mchezaji huuzwa hadharani ili asije akauza mchezo faraghani.

Basi neno lililobaki ni tuzo, na kitenzi chake kutuza. Hilo halimshushi apokeaye, maana bingwa naye hutuzwa. Halidai mapatano. Lataka jambo liwe limekwisha kutendwa, lataka macho ya watu, na lataka mtoaji awe amefaidi kwa furaha au kwa mali. Masharti hayo ndiyo masharti ya adabu ya vyumba vya pool, ijapokuwa watu wa Johnston City hawakupata kulisikia neno hilo.

Hata hivyo methali yabaki na sharti lake la kwao, na hapo ndipo desturi ya Marekani inapotoa jibu lake. Mtu wa barabarani hakuwa na kwao pale alipocheza. Mnunuzi aliyesimama mnadani akataja bei na kusema huyu ni wangu alikuwa, pengine bila kujua, amemfanyia mgeni kwao kwa usiku mmoja. Na neno hilo lina gharama yake. Mtu aweza kusema mchezaji ni wake mnadani, kisha fedha ikiisha kuhesabiwa akamwona kuwa ni mgeni tena. Chungu hakimzuii, wala sheria haimkamati. Lakini mashindano yajayo, jina la mchezaji yule litakaponadiwa, watu waliokaa kandokando ya meza watakumbuka ni nani aliyemtuza na ni nani aliyetoka bila kuaga.